Maji ya Dayalisisi Yakichoma Yanapoingia

Mgonjwa akiniambia maji yanamchoma, swali langu la kwanza ni hili: yanaanza kuchoma lini? Ninahudumia wagonjwa wa figo hapa Nakuru, na wengi wanaofanya dayalisisi ya tumboni, yaani kusafisha damu kwa maji yanayoingizwa tumboni kisha kutolewa, huvumilia uchungu huo kimya, wakidhani ndivyo tiba ilivyo. Inaniuma, kwa kuwa mara nyingi chanzo chake kinarekebishika.

Uchungu unaokuja maji yanapoanza kuingia, kisha ukafifia baada ya dakika chache, kwa kawaida umo ndani ya maji yenyewe. Maji ya kawaida ya dayalisisi yana asidi: pH yake, kipimo ambacho kikishuka asidi huwa kali zaidi, ni takriban 5.5; ya damu ni 7.4. Unafifia kwa sababu bikaboneti, kemikali ya damu inayopunguza asidi, hupenya utando wa tumbo na kuituliza asidi ile. Mfuko wenye sukari nyingi, ule wa 4.25%, huweza kuchoma zaidi. Yapo maji yaliyotengenezwa kwa bikaboneti, nayo husaidia sana. Yasipopatikana, daktari anaweza kuagiza bikaboneti iongezwe mfukoni. Usijiongezee mwenyewe nyumbani, maana kila sindano inayotoboa mfuko huweza kuingiza vijidudu.

Halafu kuna baridi. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai mfuko uliolala stoo hushtua tumbo. Upashe ukaribie joto la mwili, nyuzi 37, kwa joto kavu kama pedi ya umeme, ukiwa bado ndani ya nailoni yake ya nje. Karai la maji moto nalikataza kabisa: maji hayo hupeleka vijidudu kwenye maungio ya mfuko. Maikrowevu nayo hupasha upande mmoja vuguvugu, mwingine ukaunguza.

Kama kinachouma ni sehemu moja tu, chini kabisa karibu na njia ya haja kubwa, nashuku ncha ya katheta, ule mpira uliowekwa tumboni kupitishia maji, inagusa ukuta wa ndani. Shusha mfuko kidogo au bana mpira wa mfuko nusu, maji yaingie polepole. Ukiwa na choo kigumu, tuambie tukitibu kwanza; utumbo uliojaa huisukuma katheta. Bega likiuma, mara nyingi ni hewa iliyoingia na maji.

Uchungu usioisha maji yakishatulia, au maji yanayotoka yakiwa na ukungu, ni jambo jingine. Njoo hospitalini siku hiyohiyo, na mfuko huo uje nao.