Mchaichai: jina lina chai, majani hayana

Sokoni Kadutu nilimwomba mama mmoja fungu la mchaichai. Akanitazama tu. "Mchaichai ni kitu gani, papa?" Nilipomwonyesha kwa kidole akacheka: "Aa, sitroneli! Si ungesema tangu mwanzo." Akalifunga kwa ukamba wa mgomba, akanipa.

Majina yote mawili tunayo hapa Bukavu, na yote mawili yanadanganya kidogo. Mmea huu ni nyasi, jamaa ya mahindi, muwa na mtama. Na limau hauna undugu wowote. Wamekutana kwenye harufu tu, inayotokana na kemikali iitwayo sitrali. Fikicha jani (polepole, ukingo wake unakata) utaisikia papo hapo. Wafaransa ndio waliolitoa citronnelle kwenye citron, limau. Ila wao jina hilohilo huupa pia mmea wa melisi, ambao ni wa jamii ya nanaa. Ukikuta citronnelle kwenye maelezo ya dawa za majani, tafuta kwanza picha, sufuria baadaye.

Mchaichai, kwa upande wake, jina limetoka kikombeni. Na chai yenyewe imesafiri. Wachina wengi husema cha. Neno likapita kwa Waajemi na Wahindi, likaingia Kiswahili. Lakini Waholanzi wa karne ya 17 walinunua majani hayo kwa watu wa pwani ya Fujian, wanaosema te, na huko ndiko ilikotoka thé ya Wafaransa. Kwa hiyo mtoto wa Bukavu anayesema thé darasani na chai nyumbani anatamka neno moja la Kichina lililopita njia mbili.

Wataalamu huuita Cymbopogon citratus. Mjerumani Kurt Sprengel ndiye aliyeunda neno la kwanza mwaka 1815 kwa Kigiriki: kymbe ni mashua, pogon ni ndevu. Vijani vinavyofunika maua vimekunjika kama mtumbwi, na masuke yana nywele. Jina zuri, sikatai, ila mchaichai unaolimwa hutoa maua kwa nadra sana. Miaka yote ninayoutunza kwenye bustani ya idara yetu sijaona mtumbwi wala ndevu. Mama wa Kadutu naye hajaona. Kikombe anakiona kila asubuhi.

Pasipo maua hakuna mbegu, kwa hiyo usihangaike kuzitafuta madukani. Omba jirani akugawie shina lenye mizizi, punguza majani yabaki kama shubiri moja, upande mvua zikianza.