Mwanasheria Mkuu wa jimbo Marekani: kazi yake hasa ni ipi? Tumtazame Tom Miller wa Iowa

Kila inapotoka habari kwamba Mwanasheria Mkuu wa jimbo fulani la Marekani ameishtaki kampuni kubwa, au hata serikali ya Washington yenyewe, wasomaji wengi huuliza: huyu katumwa na nani? Swali hilo lina msingi. Tanzania, Mwanasheria Mkuu wa Serikali huteuliwa na Rais kwa ibara ya 59 ya Katiba. Kenya, Rais hupendekeza jina na Bunge la Taifa huliidhinisha. Marekani ni tofauti: majimbo 43 kati ya 50 humchagua kwa kura za wananchi. Katika Alaska, Hawaii, New Hampshire, New Jersey na Wyoming, gavana ndiye huteua. Maine kazi hiyo hufanywa na bunge la jimbo, na Tennessee na Mahakama ya Juu ya jimbo, kwa kipindi cha miaka 8.

Aliyepata kiti kwa kura hawezi kufukuzwa na gavana, na mara nyingi wawili hao hutoka vyama vinavyopingana. Ni wakili wa serikali ya jimbo, lakini gavana si bosi wake. Ukilishika hilo, mambo mengi ya ofisi hii yanaeleweka yenyewe.

Mfano ninaoupenda ni Tom Miller wa Iowa, kwa sababu hakuna aliyekaa kwenye kiti hiki muda mrefu kuliko yeye katika historia ya majimbo yote. Alizaliwa Dubuque mwaka 1944, akamaliza sheria Harvard mwaka 1969, kisha akajitolea na VISTA, mpango wa serikali wa kujitolea ndani ya Marekani, akafanya kazi ya msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo mjini Baltimore. Aliporudi Iowa alifungua ofisi ya uwakili katika mji mdogo wa McGregor. Aligombea mwaka 1974 akashindwa, akarudi mwaka 1978 akashinda. Mwaka 1990 aliacha kiti agombee ugavana, akaangushwa kwenye kura za maoni ndani ya chama chake cha Democratic. Aliyemrithi, Bonnie Campbell, naye aliutaka ugavana mwaka 1994 akashindwa, na mwaka huohuo Miller akarejea kwenye kiti chake cha zamani. Hakutoka tena hadi Januari 2023.

Wengi hudhani huyu ndiye mwendesha mashtaka wa kila mwizi na kila muuaji jimboni. Siyo. Iowa ina kaunti 99, na kila kaunti ina mwanasheria wake aliyechaguliwa, ambaye ndiye anayeendesha kesi za jinai mahakamani. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu huingia pale kesi inapokatiwa rufaa, au kaunti ndogo inapoomba msaada kwa kesi nzito ya mauaji. Pia huitetea jimbo na idara zake zinaposhtakiwa, na hutoa maoni ya kisheria kwa maandishi wabunge au wanasheria wa kaunti wanapouliza. Maoni hayo hayaifungi mahakama, ila watendaji huyafuata.

Jina la ofisi hujengwa na ulinzi wa mlaji. Sheria ya Iowa ya udanganyifu dhidi ya walaji, kifungu cha 714.16, inampa Mwanasheria Mkuu meno makali. Anaweza kudai nyaraka na kumhoji mtu chini ya kiapo kabla hata hajafungua kesi. Hahitaji kuthibitisha kwamba kuna mteja aliyedanganyika kweli au aliyepata hasara. Kitendo chenyewe kinatosha. Faini hufika dola 40,000 kwa kila kosa, ila kampuni iliyotuma barua ileile ya uongo kwa watu elfu moja haihesabiwi makosa elfu moja kwa sababu tu kitendo kimerudiwa kwa watu wengi.

Hata hivyo, jimbo moja halina mawakili wa kutosha kupambana na benki kubwa. Ndiyo maana majimbo huungana, na huko ndiko ufundi wa kazi hii ulipo. Kwa kawaida huanza na malalamiko yanayofanana katika majimbo kadhaa. Majimbo machache huunda kamati tendaji inayobeba kazi nzito kwa niaba ya wengine. Husainiwa makubaliano ya kutunza siri ili ushahidi upite kati ya ofisi bila upande wa pili kuupata. Mara nyingi kampuni nayo husaini kwamba muda wa ukomo wa kufungua kesi usihesabiwe wakati mazungumzo yakiendelea; jimbo likisahau karatasi hiyo, madai ya zamani hufa huku watu wako mezani. Mwisho hufikiwa hukumu ya makubaliano, ambayo husajiliwa mahakamani ili kuivunja kuwe ni kuvunja amri ya mahakama.

Mwaka 2010 iligundulika kwamba wafanyakazi wa benki walikuwa wakisaini hati za kiapo za kunyang'anya watu nyumba kwa maelfu, bila kusoma kilichoandikwa. Oktoba mwaka huo wanasheria wakuu wa majimbo yote 50 walitangaza uchunguzi wa pamoja, na Miller akauongoza. Tarehe 9 Februari 2012 yalitangazwa makubaliano ya dola bilioni 25 na benki tano: Bank of America, JPMorgan Chase, Wells Fargo, Citigroup na Ally. Majimbo 49 yalisaini. Oklahoma ilibaki nje. Aliteuliwa msimamizi huru, Joseph Smith, kuhakikisha benki zinatekeleza.

Njia haikuwa laini. Agosti 2011 Miller alimtoa Eric Schneiderman, Mwanasheria Mkuu wa New York, kwenye kamati tendaji, kwa sababu New York ilikuwa ikipinga mwelekeo wa mazungumzo, hasa suala la benki kusamehewa madai mengine. Mwezi uliofuata Kamala Harris, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa California, alijitoa mwenyewe, akarudi baadaye jimbo lake lilipoahidiwa zaidi. Hapo unaona ugumu wenyewe: kila mmoja mezani ana wapiga kura wake nyumbani. Anayekaza anaweza kupata zaidi au kuvunja meza nzima. Kwa maoni yangu Harris alikuwa sahihi kukaza, kwa kuwa California ilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyoumia zaidi. Miller naye alikuwa na hoja: watu walikuwa wakipoteza nyumba kila wiki iliyopita bila makubaliano.

Fedha zikishalipwa ndipo kosa linalojirudia hutokea. Mwanasheria Mkuu hushinda, lakini bajeti iko mikononi mwa bunge na gavana. Wisconsin ilielekeza dola milioni 25.6 za makubaliano hayo kuziba pengo la bajeti, ilhali zilikusudiwa kusaidia waathirika wa mikopo ya nyumba. Fedha za makubaliano ya majimbo na makampuni ya sigara ya mwaka 1998, zaidi ya dola bilioni 200 kwa majimbo 46, zilipata mkasa uleule: majimbo mengi yalizitumia kwa mambo yasiyohusu afya. Dawa yake ni kuandika matumizi ndani ya hukumu yenyewe, kwa maneno yasiyoacha mwanya.

Shimo lingine ni mawakili binafsi wanaolipwa asilimia ya ushindi. Jimbo maskini huwahitaji, lakini ada zao hufika mamilioni na huvuta tamaa. Dan Morales, Mwanasheria Mkuu wa Texas wakati wa kesi ya sigara, alifungwa mwaka 2003 baada ya kukiri makosa yaliyohusu jaribio la kumpatia rafiki yake sehemu ya ada hizo.

Uhuru wa ofisi nao una mipaka, kwa sababu sehemu kubwa ya mamlaka yake imo kwenye sheria ambayo bunge linaweza kuibadilisha. Mwaka 2019 bunge la Iowa, lililoshikwa na Republican, lilipitisha kifungu cha kumzuia Miller kujiunga na kesi nje ya jimbo bila ruhusa. Gavana Kim Reynolds alikikataa kifungu hicho, lakini baada ya Miller kukubali kwamba kesi za namna hiyo kwa jina la jimbo ataomba kwanza idhini ya gavana. Miller alilinda sheria isibadilike kwa kukubali yeye mwenyewe mkono wake ufungwe. Mwaka 2022 aliangushwa kwa tofauti ndogo ya kura na Brenna Bird, mwanasheria wa Kaunti ya Guthrie, aliyefanya kampeni kwa ahadi ya kuishtaki serikali ya Biden.