Mgombea wetu wa udiwani anawaahidi nini vijana?

Jumapili jioni nilikuwa barazani nachambua mchicha, kijana mmoja wa bodaboda wa kijiweni kwetu hapa Mbagala, Dar es Salaam, akaja na kipeperushi mkononi. "Shikamoo mama." Nikaitikia. Akaniwekea kile kikaratasi mapajani. "Wewe ulikuwa halmashauri. Hebu kisome uniambie, haya yanawezekana au tunadanganywa?"

Nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii kwa miaka kumi na moja, na muda mwingi dawati langu lilikuwa la vikundi vya vijana na wanawake. Nilimwomba aniachie karatasi hadi kesho yake. Nilichomjibu ndicho ninachokiandika hapa, kwa sababu vipeperushi vya namna ile viko kila kata, na rangi za vyama zikibadilika maneno hayabadiliki sana. Mgombea mwenyewe simtaji, wala chama chake. Amekulia hapahapa, watu wanampenda, na mimi sina sababu ya kuitilia shaka nia yake.

Ahadi zake kwa vijana ni sita: mikopo isiyo na masharti, ajira serikalini, maeneo ya wamachinga, bodaboda kwa kila kijana anayejituma, kupigania mikopo ya elimu ya juu, na uwanja wa mpira. Ukizisoma haraka zinapendeza. Lakini kila moja ina swali lake la kwanza, nalo ni hili: jambo hili liko mikononi mwa nani?

Diwani ni mjumbe wa baraza la madiwani. Baraza ndilo linalopitisha bajeti ya halmashauri, ndilo linalotunga sheria ndogo, na sheria hizo huanza kutumika zikisharidhiwa na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Huku chini, diwani ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata na mtendaji wa kata ndiye katibu wake. Hiyo si nafasi ndogo. Lakini haiajiri mtumishi wa umma na haitungi sheria za nchi.

Kwa hiyo ajira serikalini niliikata kwa kalamu palepale. Nafasi nyingi za utumishi wa umma zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira, maombi yanapelekwa kwa mtandao, na kwenye chumba cha usaili hakuna kiti cha diwani. Mgombea udiwani anayemwambia kijana "nitakupatia kazi serikalini" ama hajui ofisi anayoiomba, ama anamaanisha atapiga simu kwa mtu. Hilo la simu ndilo linalowaumiza vijana wasiokuwa na wa kuwapigia.

Mikopo ya elimu ya juu nayo haiko kwenye kata. Bodi ya Mikopo imeundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Makato ya wanufaika walioajiriwa yalipandishwa hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, na ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya deni iliondolewa mwaka 2021. Hayo yote ni ya Serikali Kuu na Bunge. Kijana anayekatwa asilimia 15 kila mwezi ana hoja nzito kabisa, ila ampelekee mgombea ubunge, na amuulize waziwazi: asilimia hiyo utaigusa au huigusi? Kwenye kipeperushi cha udiwani ahadi ile imekula nafasi ya jambo ambalo mgombea huyu angeliweza.

Na yapo mengi anayoyaweza. Ndilo lililonisikitisha kwenye karatasi yake: yaliyo mbali na mikono yake kayaandika kwa herufi kubwa, na yaliyo mikononi mwake kayagusa juujuu.

Chukua mikopo. Mwaka 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, iliongezewa kifungu cha 37A. Kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kabla ya hapo ilikuwa ni maelekezo tu, halmashauri ikitaka inatoa, isipotaka inasema fedha hazikutosha. Sasa ni sheria. Aprili 2023 utoaji ukasimamishwa baada ya kelele nyingi za ukaguzi kuhusu vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa, na mwaka 2024 mikopo ikarudi kwa utaratibu mpya, huku halmashauri kumi, Jiji la Dar es Salaam ikiwa mojawapo, zikichaguliwa kujaribu kuitoa kupitia benki.

Kuna jambo dogo la kihesabu ambalo majukwaani halisemwi. Asilimia 10 haitolewi kwenye kila shilingi inayoingia halmashauri. Inatolewa kwenye mapato yasiyolindwa. Fedha ambazo wagonjwa wanachangia kwenye zahanati, kwa mfano, zinalindwa ili zirudi kuhudumia zahanati, hazimo kwenye hesabu hiyo. Kwa hiyo ukisikia "halmashauri yetu inakusanya mabilioni, kumi yake ni yenu," jua hesabu imerukwa hatua. Tena halmashauri zetu hazilingani. Tangu Februari 2021, ilipovunjwa ile halmashauri ya jiji ya zamani na Manispaa ya Ilala kupandishwa hadhi kuwa Jiji, mkoa una halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam, Temeke, Kinondoni, Ubungo na Kigamboni. Jiji lina Kariakoo na katikati ya mji. Kapu lake si kapu la Kigamboni, na kijana wa Mbagala, ambaye yuko Temeke, asiahidiwe kwa hesabu za Jiji.

Sasa hilo neno "isiyo na masharti." Hapo nilisimama muda mrefu.

Wakati nikiwa kazini tulikwenda kukagua kikundi cha vijana kilichoomba mkopo wa ufugaji wa kuku. Banda lilikuwepo, kuku walikuwepo, vijana wamejipanga na daftari lao la mahudhurio. Mkopo ukatoka. Miezi minne baadaye nikarudi, banda tupu. Jirani akaniambia wale kuku walikuwa wake, waliazimwa kwa siku moja. Vijana walikuwa wamegawana fedha, mmoja kalipa kodi ya chumba, mwingine kampeleka mama yake hospitali, mwingine kanunua simu. Siwezi kuwaita wezi kwa moyo mweupe, kwa sababu nilizijua shida zao. Lakini mwaka uliofuata wasichana watano wenye cherehani zao, oda za sare mkononi, kila karatasi imekamilika, waliambiwa kapu halina kitu. Niliwaambia mimi mwenyewe. Hadi leo nikipita mtaa wao nawakumbuka.

Fedha hizi zinazunguka. Anachorejesha mmoja ndicho anachokopa mwingine, juu ya kile kinachotengwa kila mwaka. Masharti ya kikundi cha watu wasiopungua watano, usajili, akaunti ya benki na shughuli inayoonekana hayakuwekwa ili kumkomesha kijana. Yanachosha, nakubali, na mengine yanaweza kurahisishwa. Lakini mgombea anayesema atayafuta anawagawia waliotangulia fedha za wanaofuata. Ningemwelewa zaidi kama angesema: kila robo mwaka nitadai barazani taarifa ya vikundi vya kata yangu, vilivyoomba, vilivyopata, vilivyonyimwa na kwa nini, pamoja na marejesho, kisha taarifa hiyo nitaibandika ofisi ya kata ambapo kila mtu anaiona. Hili linahitaji diwani asiyechoka kuuliza, na bajeti mpya haihitajiki. Nimewaona madiwani wawili tu waliolifanya kwa dhati, na vikundi vya kata zao vilijua kila mara foleni imefika wapi.

Bodaboda. "Kwa kila kijana anayejituma" haiwezekani, na yeye anajua haiwezekani. Lakini ndani ya neno hilo kuna maumivu ya kweli ambayo angeyashika vizuri. Vijana wengi wa kijiweni wanaendesha kwa mkataba. Tajiri ananunua pikipiki, kijana anampelekea hesabu, yaani fedha waliyokubaliana, kila siku, muda ukiisha anakabidhiwa kadi ya umiliki na pikipiki inakuwa yake. Tuseme hesabu ni shilingi 10,000, siku 26 kwa mwezi, miezi 18. Hiyo ni shilingi 4,680,000. Matengenezo ni juu yake, mafuta ni juu yake, na akiugua wiki mbili deni linamsubiri. Na mara nyingine mwezi wa kumi na saba kunatokea ugomvi, pikipiki inachukuliwa, kadi haonyeshwi, na mkataba wenyewe ulikuwa wa mdomo.

Diwani hawezi kuvunja mkataba wa watu wawili. Anachoweza, kupitia Kamati ya Maendeleo ya Kata, ni kuhimiza kila ofisi ya serikali ya mtaa iwe na fomu moja inayoeleweka ya mkataba wa bodaboda, inayojazwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi, ikitaja hesabu, muda, siku za kuugua, matengenezo makubwa ni ya nani na kadi itakabidhiwa lini. Pia anaweza kuwasaidia vijana watano wa kijiwe kimoja kuunda kikundi na kuomba mkopo ule wa asilimia 4, ambao hauna riba, badala ya kila mmoja kumtafuta tajiri wake. Nilimwambia yule kijana hivyo, akanyamaza, halafu akauliza: "Kwa hiyo hayo yote yapo na hakuna aliyetuambia?" Yapo mwanangu.

Kuhusu wamachinga, ahadi ni "maeneo rafiki." Dar es Salaam imeshajifunza somo hili kwa gharama. Lile jengo la Machinga Complex pale Ilala lilijengwa kwa nia njema, lakini mteja wa machinga hapandi ghorofa kutafuta soksi. Anazinunua akiwa njiani kwenda kupanda daladala. Wengi waliopewa vizimba walirudi barabarani. Mwaka 2021, wamachinga walipoondolewa kando ya barabara na kupangiwa maeneo, kilio kilikuwa kilekile: huku hakupiti watu. Mgombea aulizwe mahali kwa jina. Ni Rangi Tatu, watu wanaposhuka kwenye mabasi, au ni kiwanja kile cha nyuma ambako hata mwenye duka kahama? Upangaji wa maeneo ni kazi ya halmashauri, na sauti ya diwani hapo inasikika. Ushuru nao unawekwa kwa sheria ndogo, anaipigia kura yeye mwenyewe.

Uwanja wa mpira ni ahadi nzuri na rahisi kupima: aonyeshe kwenye mchoro wa mipango miji eneo la wazi lililobaki katani, na kama limejengwa aseme atafanya nini na waliojenga.

Ambayo hayakuandikwa kabisa yaliniuma pia. Wasichana hawatajwi popote, ingawa msichana wa miaka 22 anaweza kuingia kwenye kikundi cha vijana au cha wanawake, na wengi hawajui kwamba wana milango miwili. Vijana wenye ulemavu hawatajwi, ilhali wana asilimia 2 yao na sheria haiwalazimishi kuwa wengi kwenye kikundi kama wengine. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo, inayomfanya kijana aliyeanza kazi ashindwe kupata hata chumba kimoja, haimo. Hiyo ya kodi nayo ni ya mgombea ubunge, lakini mgombea udiwani angalau angeonyesha anaijua.

Jumatatu usiku nilimrudishia kijana karatasi yake nikiwa nimeandika maswali matatu kwa penseli pembeni. La kwanza: robo iliyopita vikundi vingapi vya vijana vya kata hii viliomba mkopo, na vingapi vilipata? La pili: marejesho yamefikia wapi? La tatu: mkataba wa bodaboda utaandikwa wapi na nani ashuhudie?

Jumatano alikwenda mkutanoni na wenzake sita. Akanyoosha mkono, akapewa kipaza sauti, akauliza lile la kwanza tu, maana alitetemeka. Mgombea alianza kuzungumzia ajira, kijana akarudia swali kwa heshima: "Mheshimiwa, nauliza vikundi vya hapa kwetu." Mgombea akanyamaza kidogo. Akasema kweli jibu hana, atakwenda halmashauri kuuliza, na atalisema mbele ya watu Jumamosi saa kumi jioni, uwanja wa shule. Kijana ameshawaambia wenzake wa vijiwe vya jirani waje, nami nitakuwepo na daftari langu.