Kodi kwenye tiketi ya ndege sio yote ya serikali jamani

Wateja wangu wengi hapa Dodoma ni watumishi wa wizara na taasisi, wengine ni wafanyabiashara wa Dubai na China, na wote wakishaona mchanganuo wa tiketi wanasema kitu kilekile: serikali imezidi, kodi inakaribia nauli! Afu kuna anayenitazama kwa jicho la pembeni, kwamba labda mi ejenti nimechomeka changu humo. Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Lile fungu la kodi na ada lina vitu vya aina mbili. Kuna za serikali na viwanja, hizo kweli zipo, ukiondoka Tanzania kwenda nje ada ya kiwanja ni dola 40, ndege za ndani shilingi 10,000. Kila moja ina herufi zake mbili kwenye mchanganuo wa tiketi: Uingereza utakuta GB, ndo kodi yao ya abiria wa anga iliyoanza 1994, Marekani wana AY ya usalama iliyokuja baada ya yale ya Septemba 11, dola 5.60 kwa kwenda tu. Sasa shuka chini utafute YQ au YR. Hiyo hela sio ya TRA wala ya kiwanja chochote duniani, ni ya shirika la ndege lenyewe, wanakula wao kama wanavyokula nauli, ila wameitoa kwenye nauli wakaipachika kwenye kodi ili umlaani mtu mwingine. Na safari ndefu mara nyingi hiyo ndo inayovimbisha fungu, sio dola 40 zetu.

Hapo mteja atasema basi ni ya mafuta, mafuta yakishuka nayo itashuka. Hii ndo inanichosha kuliko zote! Ilianza kweli kama chaji ya mafuta, na wapo wanaofuata bei ya mafuta kwa uwazi, ANA na JAL wa Japani wana jedwali kabisa wanalobadilisha kila miezi miwili. Lakini kumbuka British Airways na Virgin Atlantic, kati ya Agosti 2004 na Januari 2006 walikuwa wanashauriana kwa siri kuhusu hiyo chaji wakati ni washindani, na ndani ya muda huohuo kwa tiketi ya kwenda na kurudi safari ndefu ikatoka pauni 5 ikafika 60. Virgin wakawahi kujisema wenyewe wakasamehewa faini, BA mwaka 2007 wakalimwa pauni milioni 121.5 kwao Uingereza (baadae ikapunguzwa) na dola milioni 300 Marekani. Kuja 2012 wizara ya uchukuzi ya Marekani ikasema ukiita chaji ya mafuta basi iendane na gharama halisi ya mafuta, na mashirika yakafanya nini? Yakabadilisha jina. Siku hizi inaitwa tu chaji ya shirika, hapo mafuta yapande yashuke huna cha kumuuliza mtu.

Nakomaa na herufi mbili kwa sababu ya siku ambayo safari imekufa. Umekata tiketi ya bei ya chini, imeandikwa hairudishwi, unaisahau, na watumishi ndo mabingwa wa hili, kikao kimeahirishwa, tiketi ilikatwa na ofisi, hakuna anayefuatilia. Isiyorudi ni nauli, na YQ mara nyingi inazama nayo, lakini ada za viwanja na kodi za abiria ni za mtu aliyesafiri na wewe hujasafiri, kwaiyo mara nyingi zinadaika. Ghairi buking kabla ndege haijaondoka, usijifiche tu usitokee, afu andika uombe kodi zako kabla tiketi haijaisha muda. Wapo watakaokukata ada ya kushughulikia mpaka kinachobaki hakifiki mbali, sawa, ila uliza kwanza. Na changu mimi ni ada ya huduma, inakaa mstari wake kwenye risiti yangu, haijawahi kujificha kwenye kodi.

Mengine ya haraka haraka. Tiketi ya maili (zile pointi unazokusanya ukisafiri) sio ya bure, kodi unalipa na mashirika mengine yanakudai na YQ, ujumlishe kabla hujachoma maili zako. Wazee wanaobeba dola mkononi za ada ya kiwanja, acheni, imo kwenye tiketi.

Hotelini, sevisi chaji sio kodi, ni ya hoteli. VAT ndo kodi, kwa kawaida asilimia 18 huku bara, na hoteli au gesti ambayo haijasajiliwa VAT haina ruhusa kukuchaji hata shilingi (kujisajili ni lazima mauzo yakifika milioni 200 kwa mwaka), dai risiti ya EFD uone namba ya VAT kama ipo. Bei kupanda hapa mjini msimu wa Bunge la Bajeti, Aprili mpaka Juni, sio tozo ya mtu yeyote, wageni ni wengi na vyumba ni vilevile, wahi kubuki.

Dubai umeshalipia hoteli mtandaoni, unafika mapokezi wanadai nyingine, unanipigia simu usiku unafoka umetapeliwa. Hujatapeliwa, ni Tourism Dirham, ipo tangu 2014, dirham 7 mpaka 20 kwa chumba kwa usiku kutegemea hadhi ya hoteli, na kwenye buking huwa imeandikwa kule chini ambako hamsomi. Na mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa dirham chagua dirham, hiyo ya shilingi wanakubadilishia wao kwa reti yao.