Breka Ikijikata Usiniagize Kubwa Zaidi

Juzi jioni nimetumiwa tena ujumbe ule ule: "Fundi, breka ya soketi inajikata kila tukipika. Njoo na ya 40, hii ya 20 imechoka." Ni wa nne mwezi huu. Naandika hapa ili wa tano nimtumie linki tu, nirudi kula.

Breka haikuwekwa ilinde jiko lako. Haikuwekwa ikulinde wewe pia, hilo nitalifikia. Kazi yake ni kulinda waya uliofukiwa ukutani, basi. Waya wa 1.5 wa taa (unene wa shaba kwa milimita za mraba) unapewa breka ya ampia 6 au 10. Wa 2.5 wa soketi unapewa 20. Jiko kubwa la umeme linavutiwa waya wake wa 6 na breka ya 32. Najua kuna mtu atanirukia na ringi ya 32 kwenye 2.5. Sawa, lakini ringi inagawa mzigo kwa sababu waya unakwenda na kurudi kwenye breka ile ile, na nimeshafungua ringi kadhaa Dar hii nikakuta upande mmoja umekatika zamani na hakuna anayejua, kwa sababu soketi zote bado zinawaka.

Sasa, "imechoka". Watu wanadhani breka ya 20 ikifikishiwa ampia 21 inaruka hapo hapo, kwa hiyo ikijikata baada ya nusu saa lazima iwe mbovu. Hapana! Kwa kiwango zinachotengenezewa breka hizi za majumbani, ya 20 inatakiwa ivumilie karibu ampia 22.6 kwa saa nzima bila kujikata, na ikifika 29 iwe imejikata ndani ya saa moja. Katikati ya hapo ni bahati yako, joto la boksi la breka na tabia ya breka yenyewe. Piga hesabu ya jikoni: birika la wati 2,200, jiko la presha la wati 1,000, pasi ya 1,200, mikrowevu ya 1,200, na friji inayonguruma pembeni. Gawa kwa volti 230, unapata ampia 25 hivi. Wali unaiva, mtoto anapiga pasi sare, chai inachemka, na dakika ya thelathini giza. Breka hiyo haijachoka. Imekuvumilia kadiri ilivyoruhusiwa.

Weka ya 40 sasa. Hiyo itakubali ampia 45 saa nzima bila kukohoa, na inaweza kukaa hadi saa moja kwenye 58. Waya ni ule ule wa 2.5. Na joto la waya halipandi sambamba na umeme. Ukiongeza umeme mara mbili, joto linalozalishwa linakuwa mara nne. Gamba la PVC limetengenezwa livumilie nyuzi 70, na waya wako unapita juu ya dari, chini ya bati, mwezi wa pili, Dar es Salaam. Hapo waya unaanza siku ukiwa na homa tayari.

Kuna nyumba Tabata niliitwa kwa ajili ya taa ya nje tu. Namwamkia mama mwenye nyumba, ananiomba radhi kwa harufu: "Mwanangu, kuna dagaa wameozea mahali humu, nimetafuta wiki nzima." Mimi nikaacha ngazi nikaenda kwenye boksi la breka. Plastiki ya umeme ikiungua taratibu, mara nyingi inanuka shombo kama samaki. Nilipofungua kava, breka ya soketi ilikuwa ya 63. Waya ulioingia humo, 2.5 mwekundu, ulikuwa umegeuka kahawia sentimita kama kumi hivi, na nilipougusa gamba lilipukutika kama ganda la karanga. Ile breka haikuwahi kujikata hata mara moja. Mama aliisifia: "Fundi aliyepita alitutatulia kabisa."

Kwa hiyo mtu akiniambia "tubadilishie boksi, liwe kubwa", naanza na nyaya. Boksi la njia kumi na mbili haliongezi hata wati moja kutoka kwenye nguzo. Waya wa huduma ni ule ule, mita ya LUKU ni ile ile, na ukitaka zaidi unapeleka maombi TANESCO, pengine ya fezi tatu. Faida ya boksi kubwa ni nafasi: jikoni napavutia saketi mbili, pampu yake, kiyoyozi chake. Gharama iko kwenye kuchimba ukuta na kununua waya, ndiyo maana kila mtu anapenda breka ya 40. Na serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Vizuri sana, ila nyumba nyingi ninazoingia zilifungwa nyaya za taa tano, redio na televisheni.

Kuhusu kukulinda wewe, hiyo ni kazi ya RCCB ya miliampia 30, swichi inayokata umeme ukianza kuvuja. Mteja huniuliza kwa nini ailipie na ethi, waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, anayo. Haya: tuseme rodi yako ya ethi ina ukinzani wa omu 100, na kwenye mchanga mkavu ni kitu cha kawaida. Friji ikivuja kwenye bati lake, umeme unaopita ardhini ni 230 gawa kwa 100, yaani ampia 2.3. Breka ya 20 haina habari kabisa. Bati la friji linabaki na umeme, linamsubiri mtoto asiye na viatu. RCCB ingekata zamani. Chumvi na mkaa mnavyomwaga kwenye shimo la rodi vinasaidia mwanzoni, kisha mvua inaisomba chumvi, na iliyobaki inaila rodi.

Nikiri mengine. Breka huchoka kweli, hasa iliyokaa miaka na skrubu iliyolegea. Nimewahi kubadilisha ya 20 kwa ya 20 na tatizo likaisha, nikajiona mjinga baada ya hotuba yote niliyotoa. Pia sioni ndani ya ukuta. Napima, nafungua soketi, lakini jointi iliyofukiwa na plasta siijui mpaka inuke. Waya ulioandikwa 2.5 nimeshaukata nikakuta shaba nyembamba ya aibu. Na ninapokadiria vitu gani vitawashwa pamoja, nabahatisha kwa kuangalia ukubwa wa familia na idadi ya sufuria.

Wa juzi nimemjibu: "Dada, nipigie picha ya waya unaoingia kwenye breka, uniambie inajikata baada ya dakika ngapi." Papo hapo ingekuwa shoti, baada ya muda ni mzigo. Picha imekuja. Ya jiko. Jipya, jekundu, bado lina stika.