Je, wajua kwa nini trena aliyesomea anakuuliza maswali kwanza kabla hujagusa chuma?

Ukipita jimu za Mwanza jioni, iwe Nyegezi, Igoma au kule Kirumba, hukosi kumkuta jamaa kajazia kifua na mikono, kila mtu anamwita kocha, na kazi ya kufundisha kaipata kwa sababu ya huo mwili. Mgeni akiingia, dakika tano hazijaisha yuko chini ya chuma anahema. Sasa nenda kwa trena aliyesomea hii kazi uone tofauti, anakukalisha kwenye benchi na karatasi mkononi anaanza, una presha? umeshawahi kusikia maumivu ya kifua ukipanda mlima? kuna dawa unameza kila siku? magoti yanasumbua? Watu wengi wanakereka, wametoa hela wanataka jasho. Lakini hayo maswali ndo kazi yenyewe, na ni katika mambo ya mwanzo kabisa anayofundishwa mtu anayetafuta cheti cha kuwa trena.

Fomu inayojulikana zaidi inaitwa PAR-Q, ilianzia Canada kwenye jimbo la British Columbia miaka ya 1970, maswali 7 tu ya ndiyo au hapana. Kwa fomu ile ya kwanza ukijibu ndiyo hata sehemu moja, trena anakuambia ongea na daktari kwanza, mazoezi baadaye.

Chukua mfano wa mama wa miaka 45 anayeuza dagaa pale Mwaloni, presha imempata, hospitali wamempa atenolol. Anakuja jimu kupunguza uzito. Trena wa kubahatisha anajua ile hesabu ya mtaani, 220 toa umri unapata kiwango cha juu cha mapigo ya moyo, kwa hiyo 175, halafu anataka afike asilimia 70, yaani kama mapigo 122 kwa dakika. Anamkimbiza, anapima, hayajafika, anamwambia mama ongeza spidi, wewe mvivu. Kumbe kazi ya atenolol ni kushusha mapigo ya moyo! Moyo hauwezi kupanda kama wa mtu asiyemeza hiyo dawa, kwa hiyo mama anaweza kuwa ameshafika mwisho wa nguvu zake na namba bado inasema hajaanza. Na hata kwa mtu mzima wa afya hiyo hesabu ni ya wastani, mtu na mtu wanaweza kupishana mapigo kumi au zaidi. Aliyesoma hategemei namba peke yake, anaongea naye huku anatembea, kama mama anaweza kujibu sentensi nzima ila kuimba hawezi basi hapo ni mazoezi ya wastani, maneno yakianza kukatika katika imeshakuwa kali. Njia rahisi kabisa na haihitaji mashine.

Halafu kuna suala la pumzi. Mtu akinyanyua mzigo mzito huku amebana pumzi, presha inaruka juu sana kwa muda huo, ndo maana trena mzuri utamsikia muda wote anasema toa pumzi ukisukuma, vuta ukishusha. Sio mbwembwe, kwa mwenye presha hiyo ni usalama wake.

Baada ya maswali anakuangalia unavyotembea na kuchuchumaa. Anakwambia nyoosha mikono juu ya kichwa, miguu iwe na upana wa mabega, shuka chini taratibu kama unakaa kwenye kigoda, rudia mara kadhaa, yeye anasimama mbele kisha pembeni. Anatazama magoti kama yanaingia ndani, visigino kama vinanyanyuka, mgongo kama unapinda mbele. Mbeba mizigo wa sokoni na mhasibu anayeshinda kwenye kiti hawachuchumai sawa, na hawatakiwi kupewa programu moja, hapa ndo wengi wanaharibu, wanakopi ratiba ya mcheza misuli wa mtandaoni wanampa kila mtu. Mtu mpya akipigishwa tizi kupita uwezo wake misuli inaweza kupasuka ndani kwa ndani na uchafu wake ukaenda kuziba figo, dalili mojawapo ni mkojo kuwa wa kahawia kama soda nyeusi, na hiyo ni ya kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kesho.

Sasa mtu anapataje cheti? Vinavyotambulika nchi nyingi ni vya taasisi za Marekani kama ACE iliyoanza 1985 na NASM iliyoanza 1987, unasoma mwenyewe kwa vitabu na intaneti, miezi kadhaa, halafu unafanya mtihani. Wa NASM ni maswali 120 kwa masaa 2, wa ACE ni 150 kwa masaa 3. Unatakiwa uwe umefika miaka 18 na uwe na cheti cha kuokoa mtu aliyesimama moyo. Wanakupima mifupa na misuli, moyo na mapafu, namna ya kupanga programu, namna ya kuongea na mteja aliyekata tamaa, na mipaka ya kazi pia, maana trena haandiki dawa, hatibu goti lililochanika wala hampangii mgonjwa wa sukari chakula cha matibabu. Ni kwa Kiingereza na ada ni ya dola, kwa kijana wa huku hiyo ni hela nyingi, lazima tuseme ukweli.

Ila kuna kitu kiko hapa hapa mkoani na vijana wengi wa Mwanza hawakifikirii, Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilaya ya Kwimba, ni chuo cha serikali. Pale wanasomesha ufundishaji wa michezo, elimu ya michezo na uongozi wa michezo. Sio kozi ya trena wa jimu moja kwa moja, lakini msingi wa namna ya kumfundisha mtu mazoezi unaupata na ni karibu na nyumbani, mimi naona ni pa kuanzia pazuri kuliko kununua cheti cha wikiendi ambacho hata mtihani hakina.

Na hata kabla ya chuo anza na huduma ya kwanza, Msalaba Mwekundu wanafundisha. Kwa mtu mzima aliyesimama moyo unashindilia katikati ya kifua, kina kama sentimita 5 mpaka 6, spidi ya mara 100 mpaka 120 kwa dakika, kila 30 unampa pumzi 2, na mwingine anapiga simu kuomba msaada. Cheti cha mafunzo haya kwa kawaida kinaisha baada ya miaka 2, na cha utrena wa NASM au ACE nacho unakihuisha kila miaka 2 kwa masaa 20 ya kusoma upya. Kwa hiyo ukienda jimu na trena akakuonyesha cheti, angalia na tarehe.