Utayari wa dharura za afya: maana yake kwenye zahanati

Utayari wa dharura ni uwezo wa kituo cha afya kutambua mlipuko, kutoa taarifa na kuanza kutibu kwa watu na vifaa vilivyopo, kabla timu ya wilaya haijafika. Kwenye vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika kaskazini mwa Kigoma, saa hizo za kusubiri boti ndizo hatari zaidi, kwa kuwa mgonjwa mzito wa kipindupindu anaweza kufa ndani ya saa chache. Mei 2015 ugonjwa huo ulizuka Kagunga, mpakani mwa Burundi, wakimbizi wakiwa wamerundikana ufukweni. Wagonjwa walifikia takribani 3,000 mwezi huohuo.

Cheti cha semina hakipimi utayari. Ukitaka kuupima, uliza muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku ataweza kufanya nini.

Kwanza, kutambua. Pale ambapo mlipuko haujatangazwa, shuku kipindupindu kwa mtu yeyote wa miaka 2 na zaidi anayeharisha majimaji ghafla na kuishiwa maji vibaya mwilini, au aliyekufa kwa hali hiyo. Mmoja tu anatosha kumpigia simu mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa halmashauri. Majibu ya maabara yatafuata. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii naye awe na namba hiyo, na ikishindikana apige 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya.

Sampuli ya choo ichukuliwe kabla ya antibayotiki na iwekwe kwenye chupa ya Cary-Blair (ute maalumu wa kuhifadhi vimelea hai hadi maabara), katika joto la kawaida. Wengi huikimbiza kwenye friji ya chanjo. Baridi hudhoofisha vimelea, na hata hivyo friji ya chanjo haiwekwi choo.

Kwenye vifaa ndiko mambo huharibikia. Kipimo kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani kwa wagonjwa 100 ni pakiti 650 za ORS (chumvi na sukari ya kuchanganya na maji ya kunywa) za lita moja na mifuko 120 ya lita moja ya dripu ya Ringer lactate (maji yenye chumvi za mwili) pamoja na mipira yake. Makadirio ya kuanzia ni kwamba watu 2 katika kila 1,000 wataugua. Kwa hiyo zahanati inayohudumia watu 5,000 ijiandae kwa wagonjwa 10: pakiti 65 na mifuko 12. Yaonekana mingi, lakini piga hesabu. Mtu mzima wa kilo 60 aliyeishiwa maji vibaya anahitaji mililita 100 kwa kila kilo, yaani lita 6: lita 1.8 ndani ya nusu saa ya kwanza, na lita 4.2 ndani ya saa mbili na nusu zinazofuata. Wawili wa aina hiyo wakishuka kwenye boti moja, kabati limekwisha.

Kasi hiyo haipatikani kwa kanula ya bluu, yaani bomba jembamba la kupitishia dripu kwenye mshipa. Inatakiwa ya kijivu (namba 16) au ya kijani (namba 18), na mara nyingi mikono yote miwili. Dripu ya glukosi pekee haifai, kwani hairudishi chumvi zilizopotea. Mgonjwa akiweza kunywa, apewe ORS hapohapo dripu ikiendelea.

Klorini ya unga ya asilimia 65 hadi 70 huchanganywa hivi kwa ndoo ya lita 20: gramu 15, sawa na kijiko kimoja cha chakula kilichosawazishwa, kwa kunawa mikono, gramu 60 kwa sakafu na vyombo, gramu 600 kwa choo, matapishi na maiti. Andika matumizi kwenye kila ndoo kwa rangi isiyofutika. Ndoo zikibadilishana, ama mikono inaungua, ama choo kinamwagwa na vimelea vikiwa hai. Unga ukae kwenye chombo cha plastiki kilichofungwa, mbali na jua na chuma, maana hutafuna chuma. Mchanganyiko wa mikono na wa sakafu utengenezwe upya kila siku.

Mafunzo yanayozaa matunda ni zoezi la mezani, na saa mbili zinatosha. Msimamizi anasoma tukio: saa nane usiku boti imeleta watu wazima watatu wanaoharisha, na mmoja hana mapigo kwenye kifundo cha mkono. Kisha anauliza, na jibu linaonyeshwa kwa mkono: funguo za stoo ziko kwa nani? Watatu hawa watalazwa wapi, mbali na wajawazito? Watatumia choo kipi? Simu ya mratibu ikizimwa, anayefuata ni nani? Mara nyingi zoezi hukwama kwenye swali la funguo, kabla hata ya dawa kutajwa. Kila pengo liandikwe pamoja na jina la wa kuliziba na tarehe, na kikao kijacho kianze kwa kusoma orodha hiyo. Akiba nayo ihesabiwe kila mwezi. ORS inayokaribia kuisha muda ihamishiwe kwenye matumizi ya kawaida, na mpya iagizwe Bohari ya Dawa kabla rafu haijabaki tupu.